Hodi, Wenyewe Wapo? Nyumba ya Shamba ya Mtoni na Waliopita Mlangoni Mwake

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu, vijana mnaotembeza wageni, na nyinyi majirani wa Mtoni, Kibweni na Bububu mlioacha shughuli zenu za jioni mkaja kunisikiliza.

Kwetu mtu hafiki nyumba ya watu akasukuma mlango. Husimama kizingitini akapiga hodi. Asipojibiwa mara ya kwanza hupiga ya pili, na ya tatu huongeza neno: "Hodi! Wenyewe wapo?" Neno hilo "wenyewe" ndilo lililonileta hapa. Nimeombwa nizungumzie nyumba ya shamba ya Mtoni, hapa Unguja, ambayo sasa ni gofu, na wamiliki wake, na kila nilipokaa kupanga majina ya wamiliki nilijiona nimesimama nje ya lile gofu nikiuliza kama mgeni: wenyewe ni nani?

Jibu la vitabuni ni fupi. Nitalitoa kwa heshima zote, kwa sababu mnastahili kulijua sawasawa. Halafu nitapiga hodi tena.

Mtoni palikuwa na mto kabla ya kuwa na jumba, na mto ndio uliopapa jina. Ni kijito tu kinachoteremka kutoka vilimani kikamwaga maji pwani ya magharibi, kaskazini mwa mji, lakini kisiwa chetu hakina mito mingi, na manahodha walipajua mahali hapo kwa maji matamu. Ardhi ile, pamoja na Kizimbani kule ndani, ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Saleh bin Haramil al-Abri. Huyu ndiye anayetajwa kuwa alileta mche wa mkarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Wafaransa nao walikuwa wameuiba kwa Waholanzi, waliokuwa wakiulinda kwenye visiwa vya Maluku kama roho yao. Kwa hiyo mti tunaouita wa kwetu, unaonukia hadi baharini mavuno yakifika, ulifika hapa baada ya kuvushwa kwa siri zaidi ya mara moja.

Saleh bin Haramil hakuufaidi muda mrefu. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman tangu 1806, alipoona karafuu zimeota na kuzaa, alimnyang'anya mashamba yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba bwana huyo alikuwa akiuza watumwa kinyume na mkataba ambao Seyyid Said alikuwa ameutia saini na Waingereza mwaka 1822. Kulikuwa pia na ushindani wa nguvu baina ya jamaa mbili, na kulikuwa na harufu ya fedha. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu litarudi: mara ya kwanza shamba la Mtoni kubadilisha mwenyewe, hapakuwa na mauziano wala urithi.

Seyyid Said alitia mguu Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akapapenda. Katika miaka iliyofuata akajenga Mtoni jumba la shamba, la kwanza katika majumba ya ukoo wake hapa kisiwani.

Naomba tusimame kidogo ukutani, kwa sababu wageni wengi hupiga picha za matao wakaondoka bila kuugusa ukuta. Mwezi uliopita nilikwenda na wanafunzi wangu wa skuli, nikawaambia kila mmoja aweke kiganja palipobanduka lipu. Mle ndani utaona mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yamejazwa kwa udongo mwekundu na mchanga uliochanganywa na chokaa. Ile chokaa ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa. Mtu alipasua jiwe pwani maji yalipokupwa, mwengine akalibeba kichwani, mwengine akakata magogo, yakapangwa mviringo, mawe yakawekwa juu, pakawashwa moto. Majivu meupe yaliyobaki yakaachwa yaive, kisha yakapondwa. Ukuta mnene namna ile umekula matanuri mangapi? Mwanafunzi mmoja wa kike alikuta alama ya vidole kwenye lipu ya ndani, karibu na kona, vidole vinne vimevutwa kushuka chini kama mtu aliyekuwa akimalizia kazi jua linazama. Aliweka vidole vyake juu yake vikaenea sawasawa. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Tazameni juu pia. Kuna matundu yamepangwa safu moja chini ya pale ilipokuwa dari. Humo ndimo zilimokaa boriti za mikandaa. Boriti nzuri ya mkandaa ikishanyooshwa na kukatwa hubakisha urefu wa mita tatu hivi, na mikandaa mikubwa ilitoka huko delta ya Rufiji kwa majahazi. Ndiyo maana vyumba vya majumba yetu ya zamani ni virefu lakini vyembamba. Mtawala alikuwa na manowari na majumba pande zote mbili za bahari, lakini upana wa chumba chake cha kulala uliamuliwa na mti wa kwenye tope, pamoja na mtu aliyesimama kwenye tope hilo kuukata.

Sasa maisha ya ndani. Tumebahatika, kwa sababu mtoto wa nyumba hiyo aliandika. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, na mwaka 1886, akiwa tayari mjane nchini Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kwa macho yake tunauona ua mkubwa katikati ya jumba, na ndani ya ua wanyama wanatembea bila kufungwa: paa, tausi, heroe, bata bukini, kanga na mbuni. Tunaona michungwa. Tunaona mabafu yamepangwa upande mmoja wa ua, na watu wanaingia na kutoka usiku na mchana. Anakadiria kwamba jumla ya walioishi Mtoni, wakubwa kwa wadogo, waungwana kwa watumwa, walifika kama elfu moja.

Upande wa bahari palikuwa na baraza la juu la mviringo, la mbao, lenye paa lililochongoka kama hema. Likiitwa benjile. Palikuwa na viti vya henzirani na darubini kubwa ya kutazamia meli. Hapo ndipo Seyyid Said alipokuwa akitembea huku na huko kwa saa nyingi, kichwa ameinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomkaa pajani tangu vitani. Mimi huiona picha hiyo kila nipitapo barabara ya Bububu. Bwana mkubwa, mguu unamuuma, anahesabu matanga.

Bibi mkubwa wa nyumba alikuwa Azza binti Seif, mke wa ndoa, mwanamke mdogo wa kimo, mwenye kauli isiyorudishwa. Hakuwa na mtoto. Watoto wote wa Seyyid Said walizaliwa na masuria. Kila asubuhi watu walikwenda kumwamkia, na hakuna aliyethubutu kumkalia sawa.

Nanyi vijana mnaotembeza wageni, hapa nina ombi, na nalitoa kwa mapenzi. Acheni kuwauzia wageni masuria kama hadithi ya kusisimua. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Alitoka kwa Wacherkes, huko Kaukazi. Vita vilipofika kwao wazazi wake waliuawa, na wapanda farasi watatu wakawachukua watoto watatu: yeye, kaka yake, na mdogo wake wa kike. Kila mpanda farasi na mtoto wake. Walikwenda pamoja kwa muda, watoto wakiliana, kisha njia zikatengana na hawakuonana tena maisha yao. Alipofika nyumbani kwa Seyyid Said alikuwa mdogo kiasi kwamba, anasema Salme, jino lake la kwanza la utoto liling'oka humo. Akalelewa pamoja na mabinti wa bwana wake, na alipokua akawa suria wake.

Basi huyu tumwite nani pale mlangoni? Alivaa hariri na dhahabu, alikuwa mama wa binti wa mfalme, na alinunuliwa. Tukipiga hodi na kuuliza wenyewe wapo, Jilfidan ajibu, au anyamaze?

Nimesema sana juu ya jumba. Lakini jumba la shamba ni mlango tu, nyuma yake kuna shamba, na shamba ndilo lililolilisha jumba.

Salme anataja mashamba 45 ya baba yake, yaliyosambaa kisiwa kizima, madogo yakiwa na watumwa 50 au 60, na makubwa yakifika hata 500. Katika hayo yote, anasema, ni mawili tu yaliyokuwa na kasri hasa, na mengine machache yalikuwa na nyumba nzuri. Fanyeni hesabu wenyewe. Ili benjile ya Mtoni isimame na mtu mmoja atembee juu yake, maelfu walikuwa mashambani. Inasimuliwa kwamba Seyyid Said aliamuru kila mwenye shamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii angepoteza shamba lake. Msitu ukafyekwa. Watu wa asili wa kisiwa, waliokuwa wakilima ardhi ile bila hati wala mpaka ulioandikwa, wakasukumwa mashariki na kusini kwenye mawe. Nao pia walikuwa wenyewe, na Mwinyi Mkuu, yaani mtawala wao wa jadi, Muhammad bin Ahmed, alijenga kasri lake Dunga wakati huo huo ambapo Mtoni ilikuwa imenawiri. Dunga nayo inahitaji siku yake.

Wengi wenu hapa mmechuma karafuu, lakini vijana wa mjini nawaona wameshangaa, kwa hivyo nitaeleza. Mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vyema. Vichomozi huchumwa vikiwa bado vimefumba, vimeanza wekundu. Vikichanua, thamani imeondoka. Kwa hiyo mchumaji hana siku ya kupumzika mti unapokuwa tayari. Matawi yake ni mepesi kukatika, hayana huruma, na hadi leo watu wanaanguka wakavunjika migongo. Karafuu zikishateremshwa, jioni watu hukaa jamvini kuchambua. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakizungusha kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka huku, makonyo yanabaki kule. Ukichambua saa tatu kiganja kinakuwa cheusi na kinawaka, na harufu haikutoki hata kwa sabuni. Bibi yangu alikuwa akituambia alijifunza kazi hiyo kwa mama yake kabla hajajua kuhesabu, na kwamba taa ilikuwa moja kwa watu kumi. Kisha huanikwa siku tatu, nne, tano kutegemea jua, na mvua ikija kila mtu hukimbia, awe anakula awe anasali. Zikikauka, uzito wote ule umebaki kama thuluthi.

Watumwa wa mashamba hapa Unguja, kwa desturi iliyoenea, walikuwa na siku mbili za kujilimia chakula chao, Alhamisi na Ijumaa. Siku tano zilizobaki zilikuwa za mwenye shamba. Salme katika kitabu chake anawatetea wenye watumwa wa Kiarabu, anawaambia wasomaji wake wa Ulaya kwamba mambo hayakuwa mabaya kama wanavyodhani. Nampenda Salme, nimemsoma mara nyingi, namhurumia maisha aliyoyapata ugenini. Lakini hapo simfuati. Aliandika alichokiona kutoka uani. Mtu wa jamvini angeandika mengine.

Turudi kwa wamiliki.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Maskati, meli ikiwa upande wa Shelisheli. Aliacha watoto 36 walio hai. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, aliuteremsha mwili usiku na kuuzika Makusurani bila watu kujua. Mwanawe mwengine, Majid, akawa mtawala wa Zanzibar, na ndugu yao Thuwaini akabaki na Oman, na mwaka 1861 Waingereza wakathibitisha kwamba nchi ni mbili. Katikati ya ugomvi huo, mwaka 1859, Barghash alijaribu kumpindua Majid, akajifungia na wafuasi wake kwenye nyumba nyengine ya shamba, iliyokuwa ya marehemu ndugu yao Khalid. Khalid alipenda mambo ya Wafaransa, akaliita shamba lake Marseille. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Nyumba ilipigwa mizinga ikaharibiwa, mikarafuu ikakatwa, na mali ya urithi ikateketezwa na warithi wenyewe kwa wenyewe. Mimi sijui ukoo usio na nyumba ya Marseille ya aina yake.

Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakaoana Aden mwaka 1867, wakaenda Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa. Akabaki na watoto watatu kwenye baridi. Aliporudi mwaka 1885 pamoja na manowari za Wajerumani, kudai urithi ambao Barghash, sasa akiwa Sultani, hakutaka kumpa, alikwenda Mtoni. Alikuta gofu. Miaka ishirini na tisa tu tangu baba yake kufa. Ngazi zimekufa, paa limeanguka, majani yamepanda ndani ya vyumba alimofundishwa kutembea.

Kwa nini upesi namna hiyo? Mmoja wa wazee hapa aliniuliza swali hilo kabla hatujaanza, na ni swali zuri. Kwanza, boriti na chokaa zinataka mkono wa mtu kila mwaka. Paa likivuja masika moja bila kuzibwa, maji huingia ndani ya udongo wa ukuta, boriti huoza, dari hushuka, na ukuta uliosimama kwa kubebwa na dari huanza kulegea. Nyumba za matumbawe hufa kutoka juu kwenda chini. Pili, fedha zilikuwa zimepungua. Bei ya karafuu ilianguka vibaya baada ya kila mtu kupanda, kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na ndiyo maana hadi leo karafuu nyingi ni za Pemba. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa. Tatu, kila mtawala alitaka nyumba yake mwenyewe. Barghash alijenga Marahubi mwanzoni mwa miaka ya 1880, si mbali na Mtoni, nayo ikaungua mwaka 1899, zikabaki nguzo. Sultani Khalifa bin Haroub akajenga Kibweni mwaka 1915. Jumba la baba halikuwa na mtu wa kulipandia paa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika lilikuwa ghala, na baadaye bohari la mafuta likajengwa ubavuni mwake.

Hilo ndilo jibu la vitabuni. Saleh, Said, warithi, dola, Serikali. Sasa napiga hodi ya pili.

Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuingizwa humo. Wao walingoja hadi 1909. Aliyetaka uhuru alipaswa aende mwenyewe kuudai, na wengi walitazama huku na huku wakauliza: nikishakuwa huru, nitalala wapi? Wakabaki pale pale shambani. Wakapewa ruhusa ya kujenga kibanda na kulima muhogo baina ya mikarafuu, na badala yake wakampalilia mwenye shamba. Hapa ndipo palipozaliwa jambo ambalo wageni hawalielewi mpaka ulieleze mara tatu: kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Mkarafuu wa fulani, udongo wa fulani, muhogo chini yake wa fulani wa tatu. Na huyo wa tatu hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa sababu mti ni ushahidi. Ukipanda mti umesema "mimi nipo."

Watu waliishi hivyo kwa miaka sitini. Walizaliwa, wakaoa, wakazika wazazi wao kwenye ardhi ambayo mkaguzi yeyote angewaambia si yao. Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1957, siasa zikaingia mashambani, na katika mwaka huo na uliofuata wenye mashamba wakaanza kuwafukuza wakaao kwa ruhusa kwa sababu ya kura zao. Mzee mmoja wa upande wa Kizimbani alinihadithia jinsi baba yake alivyoamriwa kuondoka. Muhogo ulikuwa bado mchanga. Baba yake aliung'oa wote kwa usiku mmoja, akakaa juu ya rundo hadi alfajiri, hajui aupeleke wapi. Mzee alikuwa na miaka minane. Alinionesha kwa mikono rundo lilivyokuwa, urefu wake na upana wake.

Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964. Mwezi Machi ardhi yote ikatangazwa kuwa mali ya Serikali, na mwaka 1965, kuanzia Dole, Mzee Abeid Amani Karume akaanza kugawa eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa aliyepalilia akapewa karatasi yenye jina lake. Najua humu ndani wapo waliopewa, na wapo ambao babu zao walinyang'anywa. Sote ni jirani, na wengine ni shemeji. Nasema tu kwamba karatasi ile ilitoa haki ya kutumia, haikutoa haki ya kuuza, na kwamba kwa mara nyengine tena, kama kwa Saleh bin Haramil, shamba lilibadilisha mwenyewe bila mauziano. Anayetaka kuhukumu moja ya nyakati hizo aikumbuke na nyengine.

Salme alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Husimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Alikuwa ameuhifadhi miaka yote ile. Hakuwa na hati ya Mtoni, urithi wake mwingi hakuupata, lakini mchanga alikuwa nao. Nikifikiri juu ya mchanga ule na juu ya lile rundo la muhogo, naona watu wawili ambao wasingekaa jamvi moja, wakiwa wameshika kitu kile kile.

Katika skuli yangu tumeanza kazi ndogo, na ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu. Majina ya masultani yamehifadhiwa, hayahitaji sisi. Ya waliochoma chokaa, waliokata boriti, waliochambua usiku na taa moja, yamo vichwani mwa wazee wenu, na kila mwaka tunazika kichwa kimoja. Wengine waliitwa majina waliyopewa na mabwana, Feruzi, Mabruki, Majaliwa, na nyuma yake walikuwa na majina mengine waliyoitwa na mama zao, ambayo pengine bibi mmoja tu bado anayakumbuka. Tunataka jina, mahali alipoishi, kazi aliyoifanya, na mti aliokuwa akipumzika chini yake kama unajulikana. Wala hatuchagui ukoo. Ikiwa babu yako alikuwa msimamizi wa shamba, muandike. Ikiwa alikuwa mwenye shamba, muandike pia, na useme shamba lilikuwa na watu wangapi.

Daftari lipo pale mezani, karibu na mlango. Kalamu nimeweka tatu. Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza kwa jina la mama wa bibi yangu, aliyemfundisha kuchambua. Asiyeweza kuandika asione haya, wanafunzi wangu wawili wamekaa hapo hapo, wataandika kama atakavyotamka. Mzee wangu wa Kizimbani nakuona umeshasimama. Tafadhalini, mpisheni apite.